Nilisema Yoyote

Kabla hujaniita mwongo, panda gari uende Olasiti, Arusha, uulizie mama mmoja anayefuga kuku wa mayai na kuimba kwaya. Atakukaribisha chai ya maziwa, na atakwambia yeye ni mdogo wangu. Huyo si mdogo wangu. Sinywi pombe, sijawahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, na hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na mkono wangu ndio ulioshika ile mashine. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea.

Ilikuwa wakati ule wa ruksa, biashara ilipofunguliwa na vitu vya nje vikaanza kumwagika Arusha kama mvua. Redio, saa za kubonyeza, viatu vya kuwaka taa. Mimi nilikuwa natoka kijijini, Oldonyo Sambu, nikapata kazi ya kubeba mizigo na kukaa dukani kwa Mangi Elirehema, Mchaga wa Machame, karibu na soko. Namtaja jina makusudi. Wengine wanasema marehemu asitajwe kwa ubaya, lakini mimi sijaona aliyenionea huruma kwa kunyamaza.

Siku moja alifungua boksi la vitu vya Dubai, akatoa kimashine cha kijivu cha kuchezea gemu, akakigeuza geuza, akanirushia.

"Hiki hakina mteja. Hakina rangi, maandishi yake ya Kijapani. Chukua wewe Mmasai, uchezee."

"Mimi si Mmasai, Mangi. Mimi Mwarusha."

"Wote shuka moja."

"Mbona huwapelekei watoto wako?"

"Wangu wana shule," akasema, akacheka. Nilicheka na mimi. Nilikuwa mjinga.

Sasa nikueleze ile mashine ilivyokuwa, maana usipoelewa kwa nini niliipenda, mengine yote utaona ni upumbavu. Ilikuwa na uzito wa kipande cha sabuni ya kufulia. Betri nne nyuma. Kioo chake rangi ya maji ya mchicha, hakina taa, mpaka ukae kwenye mwanga ndiyo uone. Ukiwasha, inalia mlio mmoja mzuri, kama kengele ya mbuzi mdogo, halafu muziki unaanza. Maandishi yalipita, mimi naona nyayo za kuku tu. Halafu kakatokea.

Kalikuwa kaduara. Andazi lililoumuka vizuri, ukaliwekea miguu miwili na macho mawili ya nukta. Kanatembea kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Unabonyeza, kanaruka juu ya wingu. Unakosea, kanaanguka shimoni, kanaguna kidogo, halafu kanaanza tena palepale, hakana kinyongo. Niamini, mimi ni mtu niliyechunga ng'ombe tangu naota meno, sijawahi kuchekeshwa na kitu kidogo namna ile. Nilikuwa nacheka peke yangu dukani mpaka wateja wanageuka.

Na kilichonimaliza kabisa ni mdomo wake. Kakikutana na adui, kanafungua mdomo mkubwa kuliko mwili, kanammeza. Kakimeza chura, kanaanza kuruka kichura. Kakimeza ndege, kanaota mabawa. Chura mwenyewe humwoni tena. Sikujiuliza ameenda wapi. Wewe ungejiuliza?

Vijana wa sokoni waliokuwa wamecheza michezo ya kwenye televisheni ndio walionifundisha neno. Zile nafasi za kufa na kuanza upya, wao wanaziita roho. "Umebakiwa na roho ngapi?" Roho tatu. Roho moja. Nimekufa, lete roho nyingine. Tulisema hivyo kutwa nzima, neno likawa jepesi mdomoni kama jina la mboga.

Hazikupita wiki mbili, mdogo wangu Naserian akaugua. Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu. Homa, kichwa, shingo ikakakamaa kama mti. Baba mdogo Lomnyaki ndiye aliyekuwa mkubwa pale nyumbani. Alimweka ndani siku tatu akisema msichana anakwepa kuchota maji. Na yeye namtaja. Siku ya nne mama alimbeba mwenyewe mpaka barabarani, akamfikisha hospitali mjini akiwa hajui hata jina lake.

Nilikwenda jioni, saa ya kuona wagonjwa, jua bado lipo. Nesi akasema wanaingia mmoja mmoja, mama yako yuko ndani, subiri. Nikakaa kwenye benchi la nje, ukutani. Nilikuwa naogopa. Nikatoa mashine mfukoni ili nisifikiri. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Sikumwona alipokuja kukaa. Nilisikia tu, "Kaka, unakicheza vibaya hicho."

Msichana, umri wa Naserian, kitenge kipya bado kina mikunjo ya dukani. Hakunisalimia.

"Wewe unakijua?" nikamuuliza.

"Lete."

Akakichukua. Alicheza kama mtu anayepiga mswaki, bila kuangalia sana. Akapita pale penye shimo panaponisumbua siku zote. Mzee mmoja alipita mbele yetu anakohoa, kikohozi kile cha tumbaku, mara mbili kavu na ya tatu ndefu. Baada ya muda kidogo yule msichana akakohoa. Mara mbili kavu, ya tatu ndefu. Nikacheka.

"Unamwiga mzee wa watu?"

"Unamwiga mzee wa watu?" akasema. Na sauti, ndugu yangu, ilikuwa yangu. Kiswahili changu kilekile kizito, cha mtu aliyekulia kwenye Kimaasai, maana sisi Waarusha lugha yetu ni hiyohiyo. Niliona ni utani. Mjini watu wana utani mwingi. Nikamwambia angefaa kufanya maigizo redioni.

Akanirudishia mashine. Vidole vyake viligusa vyangu. Havikuwa baridi wala moto. Ni kama kugusa meza.

"Una mgonjwa?" akauliza.

"Mdogo wangu. Naserian."

"Mko wangapi?"

"Wawili."

Mimi wakati huo niko juu ya wingu, chini shimo, mbele kuna ndege anakuja. Macho yangu yote kwenye kioo. Akasogea, akasema taratibu kabisa, kama vijana wa sokoni:

"Nipe roho moja."

"Chukua."

"Ipi?"

"Yoyote. Mimi sijali."

Hayo ndiyo maneno yangu. Sijayapunguza.

Kale kaduara kalikuwa na roho tatu. Nilikuwa sijaanguka, sijaguswa na ndege, nakula kiapo. Nikaona ile tatu inageuka mbili. Nikainua kichwa nimwambie angalia, mashine imeharibika. Benchi lilikuwa na mimi tu.

Mlango ukafunguliwa. "Ndugu wa Naserian!" nesi akaita, anacheka meno yote nje. "Njoo umwone, amekaa, anaomba uji!"

Nilikimbia. Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni, analia na kumshukuru Mungu. Naserian amekaa kitandani, shingo imelegea, macho maangavu. Akaniangalia. Akasema, "Kaka."

Sasa sikia. Mimi nilipewa jina la babu yetu, na tangu Naserian ajue kuongea alikuwa ananiita Babu. Hata akinikasirikia, "Babu wewe mbaya." Kaka hajawahi. Hata mara moja.

Halafu akakohoa. Mara mbili kavu, ya tatu ndefu.

Akanyoosha mkono. "Lete nimalizie." Naserian hakuwahi kuiona ile mashine, nilikuwa sijafika nayo nyumbani. Akaicheza mbele ya mama kwa dole gumba, bila kuangalia sana, akapita mashimo yote.

Nilimvuta mama nje nikamwambia, huyu si yeye. Alinipiga kofi, mbele ya watu. "Mwanangu amepona. Wewe ulitaka nini?" Daktari mmoja kijana alinisikiliza kwa upole, akasema homa ile hubadilisha watu, wengine husahau, wengine huja na tabia mpya. Labda. Lakini homa inafundisha mtu kikohozi cha mzee aliyepita nje ya ukuta?

Nilipeleka mashine kwa Mangi nimrudishie. Akarudi nyuma hatua mbili, akaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Iko kwako, ibaki kwako."

"Mangi, ulijua?"

"Toka dukani kwangu."

Hakuuliza ajue nini. Ndiyo maana namtaja. Niliitumbukiza kwenye shimo la choo, Oldonyo Sambu. Yule wa nyumbani hakuiulizia tena, kama mtu aliyeshuka kwenye basi asivyo na haja na tiketi.

Walichinja kondoo wa shukrani. Baba mdogo Lomnyaki ndiye aliyetoa sala, yeye mwenyewe, na akasifiwa. Mimi nilikula nyama. Nisingekula ningeambiwa nina wivu. Tangu siku ile, sijui niseme nini, kifua changu ni kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, ila haurudi. Nilioa, nikaachwa, sikuona tofauti. Mama alipofariki alikuwa ameshikwa mkono na yule, akimwita mwanangu, mwanangu. Watu walilia. Mimi nilihesabiwa mwanamume mvumilivu.

Yeye si mbaya, lazima niseme ukweli. Hajamdhuru mtu. Ana watoto, wananisalimia shikamoo mjomba, naitikia marahaba. Ila Naserian wangu hana kaburi, hana ibada, hana hata mtu wa kumlilia, maana nitamlilia vipi wakati anapika chai pale jikoni? Nilijaribu mara moja kule porini, peke yangu. Machozi hayakuja.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiwa na mgonjwa ndani, usiishike hiyo simu yako ukatumbukia humo ili usiogope. Ogopa tu. Kaa na woga wako mpaka uitwe. Na mtu akikuomba kitu wakati macho yako yako kwingine, hata akiomba kwa maneno mnayotaniana kila siku, inua uso kwanza umwangalie anayeomba.

Mimi niliinua nikiwa nimeshajibu.