Mama Hewa asimamisha zege

Saa tatu asubuhi, gari la zege linanguruma langoni. Ghorofa ya pili, mwanamke mwenye kofia ngumu ya njano anatazama ukuta unaosubiri kumwagiwa zege, anachungulia chini uani, kisha anarudi kwenye mchoro wake. Anainua mkono.

"Simamisheni kwanza," anasema. "Hapa nimekosea mimi."

Mafundi wanatazamana. Wao humwita Mama Hewa. Ni mhandisi mwandamizi wa mitambo ya majengo, na kwa miaka ishirini na miwili amechora njia za hewa, joto na maji ndani ya kuta za watu.

"Nikifanya vizuri, hakuna anayejua kama nipo," anacheka. "Nikiharibu, hata mlinzi wa geti ananijua."

Jengo hili ni wodi ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati. Kwenye ukuta huo ndipo litakapokaa tundu la kuvutia hewa ya nje kuingia wodini. Chini yake, hatua sita tu, mafundi wamekwisha kujenga kitako cha jenereta. Msanifu wa jengo aliihamishia hapo miezi minne nyuma. Mchoro mpya ulipita mezani kwa Mama Hewa, akautia saini bila kuulinganisha na wake. Umeme ungekatika, jenereta ingewaka na moshi wake ungeingia moja kwa moja kwa vichanga.

Msimamizi wa ujenzi anakuna kichwa. "Dada, zege limeshafika. Si tuweke tu kichujio, yaishe?"

"Kaka yangu, sumu ya moshi haijui kichujio. Angekuwa mwanao amelala humo, ungekubali?"

Msimamizi anatoa simu, na gari la zege linaelekezwa kwenye msingi wa uzio.

Ukaidi huo una chanzo. Mama yake mzazi alifua mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na tisa, katika chumba cha chini kisicho na dirisha. "Akirudi nyumbani alikaa mlangoni nusu saa nzima. Tulidhani anapumzika, kumbe alikuwa anatafuta pumzi."

Chuoni Mama Hewa alikuwa mwanamke pekee darasani. Ajira ya kwanza wakampa vyoo. "Miaka mitatu nachora vyoo! Niulize chochote kuhusu vyoo."

Siku ile ya zege, mkuu wa ofisi alimsihi aandike kwa mteja kwamba ni mabadiliko ya kawaida. Yeye akaandika: kosa langu. Usiku ule hakula. Mteja alijibu kesho yake: tundu lihamie upande wa mashariki, kazi ichelewe siku tisa, na jengo linalofuata alichore Mama Hewa huyohuyo.

Sasa wodi imeezekwa, na kila Ijumaa ofisini kwao wahandisi hukusanyika, kila mmoja na kosa lake. Kikao alikianzisha Mama Hewa, na wiki mbili za mwanzo aliongea peke yake. Ya tatu, mkuu wa ofisi aliingia na mchoro wa miaka kumi na moja iliyopita, akautandaza mezani. "Huu sijawahi kumwonyesha mtu," akasema. Watu wakasogeza viti.

Mama Hewa huyaandika makosa yote daftarini, kila kosa ukurasa wake. Amebakiza miaka sita kustaafu, na anataka daftari hilo liwe kitabu cha wahandisi wanaoanza kazi. Kurasa arobaini zimeshajaa.

"Zangu ni kumi na mbili," anasema, akifunua ukurasa mweupe. "Na bado nipo kazini."