Mechi ya tatu, Kabonga

Fainali ilikuwa mechi tatu za basiketi, sisi wa Rumonge na wale wa Kabonga. Wao walikuwa na pivo, mchezaji wa kati, mrefu wa kutisha. Mechi ya kwanza tulimkaba kwa nyuma, akawa anapokea mpira chini ya kikapu, anageuka tu na kufunga. Tukapigwa vibaya.

Mechi ya pili, rafiki yangu, tuliyebeba naye bidoni, madumu ya mawese, sokoni, akasema, "Kaka, wewe simama mbele yake, mpira usimufikie. Wakiurusha juu, mimi niko nyuma."

Yule mrefu akakasirika, akajiona dagaa. "Munanibana kama ndagala mu kitunga!"

"Tulia, mukubwa," rafiki yangu akamwambia, "mechi ikiisha tutakuanika."

Tukashinda.

Ya tatu ilikuwa kwao. Prezida wa timu yetu, mwenye mtumbwi, alitupakia pamoja na bidoni zake za mawese, akauze huko uwanjani. Tulimwambia mtumbwi umelemewa. Akacheka: "Wanaume wazima munaogopa maji?" Upepo ulipotupindua ziwani, mimi nilishika bidoni moja. Rafiki yangu hakupata ya kushika.

Watu wanasema ni ziwa lililomuua. Hapana, ni yule prezida. Yuko hapa hapa Rumonge, na bado ananisalimia amahoro, yaani amani.

Kombe walipewa Kabonga, sikulililia. Ninachotamani ni tungefika tu, yule mrefu atufunge anavyotaka, halafu turudi wawili tukigombana ni nani aliyemwachia nafasi.