Miguu ya Mtoto wa Mwisho

Kabla ya enzi za ruksa nilichora magunia kwenye mabango ya takwimu ya serikali. Gunia moja la kahawa kwenye bango liliwakilisha mengi ya shambani, na kila msimu tulitakiwa kuyaongeza, hata msimu ambao Meru nzima iliona mibuni ikikauka. Ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Madukani vitu vikajaa, hospitalini watu wakaanza kuchangia matibabu, na mimi, ofisini kwetu Levolosi, nikapewa kazi ya kuchora watoto waliokufa kwa surua.

Mwalimu wangu wa uchoraji alitukataza kukuza picha ili kuonyesha wingi. Rudieni picha, alisema, maana ukichora mtoto mkubwa watu wataona mtoto aliyeshiba. Basi nikawarudia, weusi, wadogo, wamejipanga mstari. Kila mmoja alikuwa watoto kumi. Wa mwisho nilimkata kiunoni, kwa sababu walibaki watano. Mkuu wangu alilipenda sana bango lile. Kwetu watoto hawahesabiwi kwa mdomo. Ukimuuliza mama anao wangapi, atakujibu wapo tu. Mkuu akasema picha itawahesabu bila kumuudhi mtu.

Tukalibandika kliniki ya Akheri. Siku ya kupima uzito mama yangu akaja na mjukuu mgongoni. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amekufa kwa surua hiyohiyo. Mama alimfikisha hospitali, dirishani wakamrudisha akatafute mchango, na akiwa sokoni anauza ndizi mtoto akamfia mgongoni. Tangu tumzike mtoto, mama hakulitaja jina lake, nasi tukanyamaza naye.

Alisimama mbele ya bango. Nikamweleza habari za kumi na za watano, kwa sauti ileile ya kazini, na nikajichukia. Akaweka kidole pale kiunoni.

“Wa kwangu hakufa nusu,” akasema. “Mchoree miguu.”

Nikamwambia hesabu itaharibika. Kidole hakukiondoa. Nikatoa kalamu, nikachora.

Mkuu alipoona aliwaka: nimeua watoto watano kwa wino, wilayani atasema nini? Alisema kweli. Lakini wino ule ulikuwa haujakauka mama alipomwita mdogo wangu kwa jina lake, mbele ya wanawake wote, na mimi sikuifuta ile miguu.