Punje ya Mpunga Ndani ya Bangili

Mtu wa Mlandege akikutajia sonara mwingine kabla ya Nasri Ahmadi, jua huyo ni mgeni au ana wivu. Shule Nasri aliishia darasa la nne. Kwa maelezo yake mwenyewe, walimu waliishiwa cha kumfundisha. Kidole gumba chake cha kushoto hakina mistari. Moto wa kuyeyushia dhahabu uliila zamani, na hicho ndicho cheti chake.

Mwaka jana Bi Amna, mjane wa muuza vitambaa, alifariki. Warithi wakakubaliana vito vyake vipigwe mnada, kila mtu apate fungu lake. Saida, binti mkubwa, akamwita Nasri apime uzito. Orodha, akasema, itaandikwa na simu, kwa akili mnemba.

"Hiyo simu imeshaungua vidole mara ngapi?" Nasri akauliza.

"Ami, wewe pima tu."

Kazi ikaenda. Nasri anaweka kito mizanini, Saida anapiga picha, simu inaandika. Herini, mkufu, kipini. Nasri akaanza hata kuipenda ile simu, ingawa kukiri, ng'o. Ikafika zamu ya bangili nene yenye nakshi za tausi.

Saida akasoma kwa sauti: "'Bangili ya kale, yumkini ya Gujarati, zaidi ya miaka mia moja. Fundi hajulikani.' Ami! Hii itauzwa maradufu!"

Nasri akaigeuza bangili mkononi. Bangili ile aliitengeneza mwenyewe mwaka tisini na moja, na tausi wale aliwanakili kutoka kwenye mkebe wa biskuti. Miaka mia moja angeivumilia. Ukiizeesha kazi ya mtu umemheshimu. Lakini fundi hajulikani? Nasri, hajulikani?

Akanyamaza siku tatu, kwa ajili ya bei ya warithi. Mkewe, Kudra, alimgusa paji la uso akidhani ana homa.

Siku ya mnada ua wa marehemu ulijaa. Bartholomeo, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Igawa, akaipandisha bei ya bangili mpaka watu wakaguna. Saida akapaza sauti: "Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

"Ngoja!" Nasri akasimama. "Fundi yupo! Ni mimi!"

"Ami, keti, nakuomba."

"Sikai! Tazameni kwa ndani, pembeni mwa kifungo. Kuna punje ya mpunga. Kila kazi yangu naichora punje!" Akamvua Kudra pete kidoleni, hadharani, kuonyesha punje pacha.

Bartholomeo akachungulia huku, akachungulia kule, akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Mzee wangu! Kumbe nilikuwa naozeshwa bibi kizee, na ni binti wa juzi!"

"Binti, lakini dhahabu tupu ya Chunya. Na baba yake ndiye huyu hapa."

Bei ikaporomoka mpaka ya uzito wa dhahabu, Bartholomeo akaichukua. Saida akamkunjia Nasri uso mpaka chai ilipoletwa. Ndipo akashika simu, akafuta, akaandika kwa vidole vyake mwenyewe, akasoma:

"'Bangili ya dhahabu ya Chunya, mwaka tisini na moja. Fundi: Nasri Ahmadi wa Mlandege. Yu hai, tena msumbufu.'"

Nasri akaomba asomewe tena. Akanywa funda la chai, akafikiri.

"Hapo kwenye msumbufu, mwanangu," akasema, "ongeza mashuhuri."