Mama Kikombe anayepima hoteli kwa chai

Saa nne asubuhi, kwenye mapokezi ya hoteli moja ya mji wa kale, mwanamke wa makamo anamimina chai hadi ukingoni mwa kikombe. Hataki kusaidiwa. Anakiweka kikombe kwenye kisahani, anavuta pumzi, kisha anaanza kupanda ngazi.

Nyuma yake anafuata mwenye hoteli, roho juu. Kwenye kona ya kwanza kuna ngazi moja iliyozidi nyingine kimo. Chai inaruka na kutua kwenye kisahani, na mwenye hoteli anafumba macho.

"Imemwagika," anasema mwanamke.

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo kwangu mimi niliyebeba trei tangu msichana. Kwa mama wa watu, mwenye mguu mbovu, itakuwaje?"

Mjini wanamwita Mama Kikombe, na jina lake halisi wengi wameshalisahau. Kazi yake ni kuwachagulia hoteli watu wanaotaka kuutembelea mji huu wa pwani wenye ukuta wa kale na vichochoro ambavyo gari haliingii. Anawapangia safari nzima, tangu wanaposhuka kwenye gari nje ya ukuta mpaka wanaporudi kwao.

Hoteli karibu zote ni nyumba za zamani, ndefu kwenda juu, na ngazi zake, kwa maneno yake mwenyewe, zilijengwa na fundi aliyegombana na mkewe asubuhi. Hakuna mbili zinazolingana.

"Piga simu hoteli yoyote, ulizia ngazi. Utaambiwa ziko chache," anasema, akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Hakuna hoteli yenye ngazi nyingi mji huu! Sasa hayo magoti yanayouma wageni sijui yanatoka wapi."

Ndiyo maana haulizi. Anabeba kikombe. Kikifika juu kimejaa, mzee anaweza kulala huko. Kikifika nusu, chumba hicho ni cha vijana. Chai ikifika imepoa, anajua jiko liko mbali na kifungua kinywa kitakuwa cha kusubiri. Mwenye hoteli mmoja aliwahi kumpa kikombe cha nusu ili kisimwagike. Tangu siku hiyo anamimina mwenyewe.

Ofisi yake ni meza moja kwenye kona ya duka la fotokopi, karibu na lango la ukuta. Hoteli humlipa tano kwa mia ya bei ya chumba, nayo ni pale mgeni akiondoka ameridhika. Miezi ya mvua wiki inaweza kukatika bila simu hata moja, na hapo hukaa kwenye mashine ya fotokopi kumsaidia mwenye duka ili mkono uende kinywani.

Kwa wanaopiga, ushauri wake ni wa bure na hauna kona. Masanduku ya magurudumu wayaache nyumbani, mawe ya vichochoro yatayavunja miguu. Kwenye ukuta wapande asubuhi, kabla jua halijakasirika. Makumbusho yawe mchana, kwa sababu ndani kuna ubaridi. Na siku ya kwanza wasione kitu chochote, walale.

Aliingia kwenye kazi hii kwa uchungu. Akiwa mhudumu kijana katika moja ya nyumba hizo, alipokea mgeni mzee aliyepewa chumba cha juu kabisa. Mzee alipanda mara moja, akaziangalia ngazi kutoka juu, akaogopa kushuka. Alimaliza safari yake yote chumbani.

"Alikuja kuuona mji, akauonea dirishani. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula," anasema, na hapa hacheki. "Iliniuma sana. Nikasema, hivi hakuna mtu wa kuwauliza hawa watu kabla hawajaja?"

Mama wa watu aliyemtaja kule kwenye ngazi ana zaidi ya miaka themanini, na anaishi mbali na bahari pamoja na binti yake mkubwa. Binti huyo, mhasibu, ndiye aliyepiga simu. Mama yake alitaka kitu kimoja tu, kulala tena katika nyumba alimozaliwa, ambayo siku hizi ni hoteli. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kugoma, na daktari alikuwa amesema kama kuna safari basi ifanyike sasa, kwa sababu mwakani hawezi kuahidi.

Nyumba yenyewe ndiyo hiyo iliyomwaga chai. Vyumba vyote vya wageni viko juu.

Mama Kikombe alimpigia binti kumweleza. Alijaribu kumpa hoteli nyingine, jirani kabisa, chumba cha chini. Binti alimuuliza mama yake hapo hapo, na jibu lilisikika bila msaada wa simu.

"Kama si kwetu, basi. Niacheni hapa hapa na mguu wangu."

Watoto wakaanza kuvutana. Kaka mmoja alisema mama abebwe mgongoni, mwingine akasema huko ni kumvunjia heshima. Binti akawa analia. Kwa miaka mingi walikuwa wamekua na hadithi za nyumba ile: kwetu kulikuwa na ghorofa mbili, kwetu kulikuwa na madirisha yanayotazama bahari, kwetu watu walikuwa wanakuja kwa makundi. Kwenye harusi, kaka hawa walikuwa wakijisifu bila aibu kwamba babu yao alikuwa mtu mzito. Leo wamshushe mama mpaka hoteli ya jirani?

Mama Kikombe hakulala vizuri kwa sababu ya jambo hilo. Kesho yake akaomba azungumze na mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayenikatalia kwetu?"

"Nani akukatalie, mama? Ni ngazi. Hebu niambie, nyie mlikuwa mnalala chumba kipi kule juu?"

"Juu?" Bibi alishangaa kweli kweli. "Juu tukalale kwa nani? Juu walikaa wenye nyumba. Mama yangu alikuwa mpishi. Sisi tulikaa chini, chumba cha uani, pembeni ya jiko. Juu tulikuwa tunapeleka vitu na kushuka."

Mama Kikombe anasema alikaa chini kwenye sakafu ya duka, simu mkononi, akacheka huku machozi yanamtoka. Watu wazima watatu walikuwa wamegombana juu ya chumba, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza mwenye safari alilala wapi.

Binti aliposikia, alitahayari. "Lakini mama, miaka yote unasema kwetu!"

"Kwani nilizaliwa wapi? Si pale? Basi pale ndipo kwetu. Mlitaka niseme kwao?"

Kaka zake, kwa taarifa ya binti, wamepunguza kidogo majigambo ya harusini.

Aliyebaki kushawishiwa alikuwa mwenye hoteli. Chumba cha uani kipo mpaka leo, dirisha dogo na bomba la maji nje ya mlango, ila kimekuwa stoo ya mashuka. Kusikia ombi hilo, mwenye hoteli alishika kichwa.

"Mama Kikombe, unataka nimlaze mgeni wangu stoo? Watu watanionaje?"

"Watakuona una akili. Hicho ndicho chumba anachokitaka."

"Na mashuka yangu niyapeleke wapi?"

"Yapeleke juu. Yakatazame bahari."

Alikubali, kwa masharti kwamba apewe muda wa kupaka chokaa. Mafundi wakaingia, kitanda kikaletwa, kizingiti kikasawazishwa. Ikawa kwamba kwa wiki hiyo chumba kizuri kuliko vyote mjini, chenye madirisha mawili ya kuelekea baharini, kilikaliwa na mashuka.

Jambo hilo limempa Mama Kikombe mpango. Anasema karibu kila hoteli ya mji huu ina chumba cha chini kilichogeuzwa stoo, na amekwenda mlango kwa mlango kuwaomba wenye hoteli wafungue japo kimoja kimoja kwa ajili ya wazee na wenye miguu mibovu. Wawili wamekubali. Wa tatu ameomba kutafakari.

"Nimemwachia atafakari mpaka Ijumaa," anasema. "Nataka ifike siku mtu mwenye fimbo yake apige simu, nimwambie njoo, bila hata kwenda kupima."

Bibi mwenyewe aliwasili Jumamosi. Alishuka nje ya ukuta, akakataa kiti cha magurudumu, akaingia vichochoroni kwa fimbo, na kila alipofika penye njia panda aligeukia upande unaotakiwa kabla hajaelekezwa. Kwenye chumba cha uani alisimama, akaugusa ukuta kwa kiganja.

"Mkeka wa mama ulikuwa hapa," alisema. Binti yake akatoka nje kwenda kulia vizuri.

Baada ya kupumzika, Bibi alijitokeza mpaka chini ya ngazi na kushika ukuta. Mama Kikombe akaruka kutoka kwenye kiti.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana kulala. Kupanda hatukuzungumza."

"Hizi ngazi, mama, si za kuchezea."

"Unanifundisha ngazi za kwetu? Nimezipanda utotoni mwangu mote, mikono imejaa. Trei, ndoo, makaa. Hata ukuta sikuwahi kuushika. Leo sina nilichobeba. Hebu nipishe."

"Hata mimi nimebeba trei humu mjini tangu msichana, mama," alisema Mama Kikombe, akapisha. Kaka mmoja akatangulia, mwingine akafuata nyuma, na mwenye hoteli akakimbia kuweka kiti kila kona. Bibi alivikalia vyote, bila haraka. Mama Kikombe alibaki chini akiwa ameshikana mikono na binti, kila mmoja akidhani anamtuliza mwenzake.

Mwishowe zikasikika hatua za fimbo juu ya vichwa vyao, kisha mlio wa kiti kikivutwa karibu na dirisha. Ndipo ikaja sauti ya Bibi kutoka juu, ya kuagiza, ya mtu aliye nyumbani kwake.

"Yule mama wa trei yuko wapi? Mwambieni apande, aje akae."