Marnie Vosika, Sauti ya Mnada wa Alhamisi

Marnie Vosika alianza kunadi ng'ombe akiwa darasa la tisa, siku dalali alipokaukiwa na sauti na hakuna mwanaume aliyethubutu kushika kipaza sauti. Akakishika yeye. Kufika mwaka wake wa mwisho wa shule, wafugaji wa kona ile yote ya jimbo la Nebraska, Marekani, walikuwa wanaleta mifugo Alhamisi kwa sababu yake.

Alipoomba chuo, kusomea udaktari wa mifugo, waliuliza anafanya nini nje ya masomo. Akaandika: dalali wa mnada wa ng'ombe. Basi.

Sasa, vyuo havina muda wa kumkagua kila mtu. Wangapi wanajiita mwanzilishi wa hiki na mwenyekiti wa kile, na wanapita bila kuulizwa? Lakini jambo likikaa kiajabu, simu inapigwa. Bwana Thayer wa ofisi ya udahili akampigia mshauri wa wanafunzi shuleni kwa Marnie, Bi Pfeifer. Naye akasema mnada si wa shule, aulizwe mwenye mnada, Mzee Verlyn. Akaulizwa.

Siku ya pili Bi Pfeifer akamwita Marnie. "Chuo kinaona umetia chumvi, binti. Wasipopata uthibitisho wiki hii, jina lako linatoka."

Marnie akaenda mnadani mbio.

"Mzee Verlyn, ulimwambia nini yule bwana?"

"Nilikusifu! Nilisema huwa unasaidia saidia. Akauliza kama kazi unaiweza, nikamwambia si mbaya."

"Umenizika!"

"We mtoto! Hata marehemu mke wangu sikuwahi kumsifu hivyo."

Na ni kweli. Kwa watu wa kona ile, kumsifu wa kwako mbele ya mgeni ni kama kutoka nje bila nguo. Sifa zao zinaishia hapo kwenye "si mbaya", juu yake hakuna kitu. Bwana Thayer angejulia wapi?

"Mpigie tena, umwambie ukweli."

"Kwamba wewe ni hodari? Kwa mdomo wangu huu?" Mzee akawa mwekundu mpaka masikioni. "Siwezi, binti. Niambie nibebe ndama mgongoni, nitabeba."

Basi Alhamisi Marnie akapiga mwenyewe, akaiweka simu kando ya kipaza sauti. "Bwana Thayer, usiseme kitu. Sikiliza tu." Lango likafunguliwa, fahali mweusi akaingia akichimba vumbi.

"Elfu mbili, mbili, nani mbili na mia? Mia hapo! Mia mbili? Kofia ya kijani, mia mbili! Tatu, tatu, Duane, usijifanye unajikuna, nimekuona! Tatu! Nne? Mkeo hayupo, Duane, inua kidole! Nne! Anakwenda, anakwenda, amekwenda!"

Banda zima likaangua kicheko. Akauza fahali watano mfululizo bila kumeza mate, ndipo akachukua simu.

"Bwana Thayer, upo?"

"Nipo," yule bwana akajibu kwa kunong'ona. "Nimeogopa hata kukohoa, nisije nikauziwa ng'ombe." Kisha naye akacheka. "Jina lako halitoki, Bi Vosika. Nimethibitisha kwa masikio yangu."

Machi akakubaliwa. Marnie alipoondoka kwenda chuo, Mzee Verlyn aliajiri wanaume wawili wakalie kiti chake, na mnada ambao yeye aliumaliza jua bado lipo, mpaka leo unaisha giza limeingia.