Glavu Zilikuwa Stoo

Stamili, ambaye mtaani kwao Newala wanamwita Mama Shakila, alibangua korosho kiwandani miaka mitatu kwa mikono mitupu. Ganda la korosho lina mafuta makali. Yakigusa ngozi yanaibabua. Wanawake walipewa kopo la majivu wajipake viganjani, basi. Ngozi ikachunika, ikaota, ikachunika tena. Siku alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilikataa vidole vyake vyote kumi. Alama zilikuwa zimefutika.

Alimfuata meneja, Nickson, akamwomba glavu.

"Mama Shakila, wenzako wanajipaka majivu vizuri. Wewe una haraka tu," akajibu bila kuinua macho kwenye simu. "Glavu zimeagizwa."

Zilikuwa zimeagizwa tangu mwaka juzi.

Jumatatu moja msimamizi wao, Getrude, alipita kwenye mabenchi akinong'ona majina ya watu saba, la Stamili likiwamo. Kesho wasije, wapumzike. Stamili akawatazama wenzake sita waliotajwa. Wote mikono yao imeungua.

"Kesho kuna nini?"

"Wakaguzi wa usalama kazini," Getrude akasema, akageuka upesi.

Nyumbani aliisukuma sahani pembeni. "Yaani mimi ni takataka, nifagiliwe mgeni akija?" alimwambia mumewe, Bwanali.

"Watakufukuza kazi."

"Na wanifukuze!"

Asubuhi alijifunga khanga akaenda. Mlinzi alimzuia getini, lakini gari la wakaguzi lilipofunguliwa geti, Stamili akapita nyuma yake. Mle ndani alipigwa na butwaa. Kila mwanamke alikuwa na glavu mpya za buluu.

"Zimetoka wapi?" akamuuliza Mwanasha, jirani yake wa benchi.

"Stoo. Maboksi sita, yana vumbi hadi utando wa buibui."

Stamili hakungoja zaidi. Akaenda moja kwa moja kwa mkaguzi, binti mwembamba aitwaye Violet.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama mikono hii, miaka mitatu bila glavu." Akainyoosha.

Nickson akaingilia kati, anacheka cheka. "Huyu ana ugonjwa wake wa ngozi, alikuja nao."

"Ugonjwa wa watu saba? Wenzangu sita mmewaficha majumbani! Waiteni basi, waje na ugonjwa wao!"

Violet akaomba kitabu cha kuandikia majeraha ya wafanyakazi. Kililetwa kisafi, hakina hata mstari mmoja.

"Miaka mitatu hakuna aliyeumia?" akauliza. Nickson akaanza kueleza habari za majivu. Violet akamkata: "Kumkinga mfanyakazi ni wajibu wako. Si hisani."

Wale sita waliletwa kwa bodaboda siku hiyo hiyo. Majina yao yakaandikwa kitabuni, la Stamili likiwa la kwanza, na wote wakapelekwa hospitali kwa gharama ya kiwanda. Glavu hazikurudi tena stoo. Nickson alipewa onyo la maandishi, akabaki kwenye kiti chake. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Stamili havinyooki hadi leo.

Wenzake walipomzunguka kumshukuru, hakutabasamu.

"Msinishukuru," alisema. "Stoo yenyewe ile pale, hatua ishirini kutoka benchi langu. Miaka yote hii mtu alikuwa na ufunguo wake mfukoni, na ananiona naungua."